Picha ya Panya wa Masijala

Karani wa masijala, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Gundi kwa jinsi alivyogandia kiti kimoja miaka ishirini na mitatu, alipewa siku tatu: alete picha ya panya anayetafuna mafaili, la sivyo afukuzwe kwa kuyala yeye.

"Kuyala, bosi? Mimi?"

"Mdomo unao. Panya hatujamwona."

Kumwona ndiyo kazi. Masijala haina dirisha, taa yake ni moja tu, tena inajikongoja, na panya mwenyewe hupita kama uvumi. Simu aliyoazima kwa mkewe ilitoa picha arobaini za ukungu wenye mkia.

Akaenda kwa muuza kamera, mama mnene mwenye shanga shingoni.

"Hii, baba, inavuta hadi unahesabu nywele za nzi."

"Nzi sina ugomvi naye. Wangu anakimbia, tena gizani."

"Basi achana na kuvuta. Tafuta lenzi ya mboni pana, inywe hata mwanga kiduchu, na kamera yenye kope nyepesi. Kope ikichelewa, panya anakuwa moshi. Ikiwahi na mboni ni finyu, unapata giza tupu."

"Maneno matamu, mama. Zima taa, ukimbie."

"Nikimbie?!"

"Kama panya."

Biashara ni biashara. Mama akazima taa, akapiga magoti, akachanja mbuga chini ya kaunta. Kamera ya kwanza ikatoa mzuka. Ya pili ikatoa usiku wa manane. Ya tatu ikamnasa mzimamzima, ulimi nje, kila ushanga mahali pake.

"Hii hii!" Gundi akaikodi.

Siku ya tatu akaitandika picha mezani kwa bosi: panya yuko hewani, kona ya faili mdomoni, masharubu yanahesabika.

Bosi akakunja uso. "Sikio la kushoto halionekani."

"Bosi, alikuwa anaruka!"

"Haya, tumemtambua kwa muda. Wewe hufukuzwi." Gundi akashusha pumzi. "Ila panya aandikiwe barua ya kujieleza, ipitie kwa mkuu wake wa kazi."

"Mkuu wake nani?"

"Mnakaa chumba kimoja, wewe ndiye mkongwe. Saini hapa."

Gundi akasaini mbio mbio, bosi asije akabadili mawazo. Akashuka ngazi na barua mkononi, kifua mbele: kazi anayo, na baada ya miaka ishirini na mitatu, hatimaye kuna mtu chini yake.