Isale Kabla ya Kosa

Fundi picha wa Njoro, Moshi mjini, aliniambia kwamba chuo cha picha hakichaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa pua. "Ukifika," alisema, "omba wakuoneshe chumba cha giza. Kama hakinuki siki ya dawa za picha, geuka urudi. Hapo hakuna mtu anayesafisha picha."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na shingoni nilining'iniza kamera nzito ya chuma niliyopewa na binamu yangu, mpagazi wa mlimani. Yeye aliachiwa na mtalii aliyeshuka kutoka kileleni akiwa hoi kiasi kwamba hakutaka kubeba chochote tena. Kwa kamera hiyo nilikuwa nimepiga kipaimara, harusi, na ng'ombe wa jirani aliyezaa mapacha. Mjini yalishafunguliwa maduka ya kusafisha picha za rangi kwa mashine: unaacha filamu asubuhi, unapitia soko la mitumba, ukirudi picha zako ziko tayari kwenye bahasha. Lakini yule fundi wa Njoro alikuwa bado anasafisha za nyeusi na nyeupe mwenyewe, kwenye kistoo nyuma ya studio, chini ya taa nyekundu. Siku aliyoniruhusu kuingia, niliona karatasi tupu ikielea kwenye sinia ya dawa, halafu nyusi za bibi harusi zikajitokeza, kisha shela, kisha bibi harusi mzima ananitazama. Nilisahau kupumua. Nilirudi nyumbani Old Moshi kwa miguu, nikipanda mlima kama mtu anayeteremka.

Miaka ile vyuo vya watu binafsi vilikuwa vinachipuka kila mahali kama uyoga baada ya masika. Magazeti yalijaa matangazo ya kompyuta, hoteli, utalii, habari. Nilikata yale yaliyotaja picha nikayabandika ukutani juu ya kitanda. Mwishowe yalibaki mawili. Moja lilikuwa la chuo kipya cha Bomang'ombe, mafunzo ya habari na picha kwa pamoja. Jingine lilikuwa la Dar es Salaam: miaka miwili, picha peke yake, kuanzia kamera hadi chumba cha giza.

Baba alishachagua bila hata kusoma tangazo. Yeye alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na mimi nilikuwa kitinda mimba wake. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani ile migomba na kahawa inayoizunguka nyumba, pamoja na makaburi ya babu zetu yaliyo humo ndani. Kaka zangu walishajenga kwingine. Majirani walikuwa wanang'oa kahawa na kupanda nyanya kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, lakini baba aliendelea kupogolea mibuni yake kama anayemnyoa mtoto. Alikuwa anainyoa kwa ajili yangu. Bomang'ombe ningeenda asubuhi na kurudi jioni kumkatia ng'ombe majani. Waliokwenda Dar tuliwajua wote, na tuliwaona Krismasi tu.

Nilikwenda Bomang'ombe kwanza, nikiwa nimevaa shati la kipaimara. Mkuu wa chuo alinipokea vizuri, akaniagizia soda, akanitembeza madarasani. Nikaomba kuona chumba cha giza. Akafungua mlango, nikavuta pumzi hadi mapafu yakauma. Kilinuka rangi mbichi ya ukutani. Sinia zilikuwa zimepangwa vizuri, na zote zilikuwa bado na vibandiko vya dukani. Nilipouliza kamera za wanafunzi, alinionesha moja iliyofungiwa kabatini, akasema hutolewa siku za wageni rasmi. Nilimaliza soda yake kwa heshima, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka peke yangu kwenye gari, maana sasa nilijua ninachokitaka.

Kilichobaki ni Dar, na Dar sikuwa na nauli ya kwenda kunusa. Nikamwandikia dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameolewa huko, nikamwomba aende na pua yake.

Krismasi ilipofika, barabara ya kupanda kwetu ikajaa magari ya watu wa Dar na Arusha, na migomba yote ikanuka nyama ya mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Dada alishuka na mumewe na mizigo yao, akanisukuma begani kabla hata hajamwamkia mama.

"Wewe mtoto umeniaibisha," alisema. "Mtu mzima na kitenge changu kizuri, nasimama katikati ya chumba nanusanusa kama paka. Mwalimu ananiuliza, mama, una mafua?"

"Kinanuka?"

"Siki tupu. Mpaka nyumbani shemeji yako akaniuliza nimetengeneza achari ya nani."

Nilimkumbatia hadi akapiga kelele kwamba namkunja nguo. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini lile nililokuwa nalikwepa. Masomo yangeanza mwezi unaofuata, na wa kumwambia baba nilikuwa mimi mwenyewe, si yeye.

Usiku ule nililala vibaya kwa furaha na kwa hofu. Asubuhi nilipata wazo ambalo kwa mgeni lingekuwa la ajabu, lakini kwangu lilikuwa wazi kabisa. Mipaka ya vihamba vyetu imepandwa isale, mmea wa majani marefu. Mtu akimkosea mwenzake hadi maneno yakaisha, huchuma jani la isale, hulifunga fundo, na kumpelekea aliyemkosea. Isale halikataliwi. Aliyeletewa husamehe, hata kama moyo bado unachemka. Nikachuma jani zuri pale mpakani, nikalifunga, nikaenda nalo kwa mikono miwili.

Baba alikuwa nyuma ya banda, anamkatia ng'ombe mgomba kwa panga. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, akageuka, akaliona jani. Panga likaanguka. Akalipokea isale haraka, kama unavyopokea mtoto anayetaka kudondoka.

"Ni binti wa nani?" aliuliza.

"Binti gani, baba?"

"Huyo uliyempa mimba. Wazazi wake wanajua?"

"Hakuna binti, baba."

"Umeuza ndama?"

"Ndama yupo hapo anakula."

Akamtazama ndama kuhakikisha. "Sasa umekosa nini?"

"Bado sijakosa," nilisema. "Nataka kwenda chuo cha Dar."

Aliligeuza jani upande huu na upande ule, kana kwamba jibu limeandikwa nyuma yake. Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja: sinia zenye vibandiko, kamera ya kabatini, siki, nyusi za bibi harusi. Nadhani la nyusi ndilo lililomchanganya zaidi. Mwishowe akapaza sauti kuelekea jikoni, "Mama, njoo umwone mwanao. Ameleta isale la kosa ambalo hajalifanya."

Mama alikuja na mwiko wenye mtori, supu yetu ya ndizi. Baada yake walikuja kaka, shemeji, na baba mkubwa aliyekuwa amewahi kufika kwa ajili ya supu. Ikawa kesi. Kaka mmoja alisema isale hili ni batili, kwani hata benki haikusamehe deni ambalo hujalikopa. Shemeji akasema basi yeye achume shamba zima, asamehewe hadi uzeeni. Walicheka sana. Mimi nilikuwa namtazama baba tu, na baba hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama mibuni yake.

Baba mkubwa alikunywa supu yake hadi mwisho ndipo akauliza, "Isale liko wapi?"

Baba akainua mkono. Lilikuwa bado kiganjani.

"Nani amekushikisha?"

"Nilidhani ni binti."

"Ulidhani lolote ulilodhani. Ukishalishika, umelishika."

Baba aliokota panga, akaenda mpakani, akavunja tawi la isale lenye kichwa, akaja nalo hadi kando ya mlango wa nyumba yetu. Akachimba kishimo kwa ncha ya panga na kulipanda pale, mahali ambapo hapakuwa na mpaka wowote. Nilikumbuka kamera iliyo kifuani mwangu. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja.

"Kosa limesamehewa," alisema bila kuniangalia, akikandamiza udongo kwa kisigino. "Sasa nenda ukalifanye. Lakini nyumba ni yako, na isale hili hapa litakuwa linakungoja."

Nikabonyeza.

Tangu hapo nimelala katika miji mingi, na mibuni imepogolewa na mikono mingine katika miaka ambayo ilikuwa zamu yangu. Krismasi mimi hurudi nyumbani. Isale la mlangoni limepita kimo cha mlango, na hakuna anayethubutu kulikata.

Lakini siku ninayoirudia zaidi kichwani ni ile ya kwanza ya taa nyekundu, Dar, jasho likinitiririka na siki ikinichoma pua hadi machozi. Mwalimu alituambia kila mtu achague picha moja kwenye filamu aliyokuja nayo. Nilitumbukiza karatasi kwenye dawa nikaanza kuitikisa sinia taratibu, kama nilivyoona Njoro. Kwanza kilikuja kisigino cha baba, cheusi, chenye udongo. Kisha likaja isale.