Kuonja Maji ya Kiringye

Kwetu huku, kuanzia bonde la Ruzizi mpaka kando ya ziwa, mwenyeji hamkabidhi mgeni kinywaji bila kukionja yeye kwanza. Anamimina, anapiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Ni hofu ya sumu ndiyo iliyoleta jambo hilo: mwenye kuonja anakuambia kwamba kikikuua wewe, na yeye kimemuua. Nimekua nikiona hivyo kila siku na sikuwahi kuifikiria desturi hiyo hata kidogo. Nilikuja kuifikiria nikiwa mtu mzima mwenye koti jeupe, kwa sababu ya kipindupindu na sabuni.

Ninafanya kazi katika maabara ndogo hapa Uvira. Tunasoma vinasaba vya vijidudu, hasa kile cha kipindupindu, ambacho mjini kwetu ni jirani wa zamani: kinaondoka, kinarudi, wala hakibishi hodi. Mashine yetu ya kusomea inaweza kuingia mfukoni, na wageni wakioneshwa huwa wanasikitika, maana walitegemea kuona dude kubwa linalonguruma. Inachotupa ni jenomu, yaani maandishi yote yaliyomo ndani ya kijidudu, herufi baada ya herufi. Ukiyaweka maandishi ya mgonjwa huyu kando ya yale ya mgonjwa mwingine, unaweza kukisia kwa akili kama wote wawili wameupata ugonjwa mahali pamoja.

Mkuu wetu tunamwita Dokta tu. Ni mnene wa mwili na wa kicheko, na vijidudu anaviita watoto. Kila asubuhi anafungua kabati la joto tunamokuzia sampuli na kuuliza, “Batoto baliamuka?” Mimi asubuhi sina utani, kwa hiyo namjibu kwa kununa, naye anafurahia kununa kwangu kuliko salamu. Nampenda sana yule mzee. Ananichosha, lakini nampenda.

Sasa, washirika wetu wa ng’ambo, waliokuwa wakifanya utafiti nasi na maabara nyingine kadhaa, walitoa tangazo. Maabara itakayotuma jenomu nyingi kushinda zote itazawadiwa friji kubwa ya kugandishia, yenye betri zake, isiyobabaishwa na umeme kukatika. Nyingi, walisema. Hawakusema nzuri. Nilinung’unika palepale kwamba ukimlipa mtu kwa wingi wa viazi, atakuletea na mawe. Wenzangu wakanitazama kama mtu aliyekuja kulia kwenye harusi.

Lakini Dokta nilimwelewa. Umeme ulishatuharibia kazi ya msimu mzima, na siku ile alilia mbele yetu bila haya. Kwa hiyo aliposikia habari ya friji alifagia pembe moja ya chumba kwa mkono wake, akatandika kitambaa cha kitenge sakafuni, na pembe ile ikaitwa “pa friji”. Ole wako uweke ndoo pale.

Tatizo lilikuwa kwamba vituo vya afya vya bondeni havikuwa vinatuletea sampuli. Dokta akabuni njia: kila mgonjwa ambaye kikombe chake cha choo kitaotesha kijidudu, familia yake ipewe sabuni na bidoni, yaani dumu, ya maji. Ilikuwa nia njema kabisa. Vikombe vikaanza kumiminika, na vingi kuliko vyote vikatoka Kiringye.

Kiringye ni kwetu. Kabla sijahamia huku Nyamianda, mtaa wa Uvira, mama yangu alilima pale, na muuguzi wa kituo cha pale ndiye aliyenidunga sindano zangu zote za utotoni, akinishika mguu na kuniimbia huku nikimtukana. Yupo mpaka leo, amezeeka, mkali na mpole kwa wakati mmoja. Nilipoona vikombe vyake vimefungwa vizuri, kila kimoja kimeandikwa jina, niliona fahari kama vile vimeandikwa na mama yangu.

Kawaida ya kazi yetu ni kukuza sampuli, kutenga kijidudu kimoja peke yake, kukikuza tena, halafu ndipo usome. Hilo linahitaji subira, na friji ilikuwa haina subira. Dokta akaamua turuke hatua ya kutenga, tusome moja kwa moja kutoka kwenye chupa za kukuzia. Nikasema, nikabisha, nikaambiwa nina roho ngumu. Tukasoma.

Jenomu za Kiringye zikatoka zote sawasawa. Sikusema zinafanana, maana kipindupindu cha msimu mmoja hufanana. Hakukuwa na herufi hata moja iliyotofautiana. Dokta alicheza ngoma katikati ya chumba, akiizunguka pembe ya friji. Washirika walifurahi kumshinda, wakaandika kwamba huu ni ushahidi wa chanzo kimoja. Na Kiringye chanzo kimoja ni kipi? Ni robine, lile bomba la kijiji ambalo watu wote wanachota. Wakubwa wa afya wakapelekewa habari, nao wakajibu kwamba robine itafungwa wiki ileile.

Nakumbuka maisha kabla ya robine: wanawake wakiteremka alfajiri hadi mto Ruzizi, wakichota maji ya rangi ya udongo, mmoja akiinama na mwingine akitazama mamba. Kama bomba linaua, lifungwe, sikuwa na la kubisha. Lakini likifungwa kwa kosa, tutakuwa tumewarudisha mtoni kwa mikono yetu wenyewe, na mtoni ndiko kipindupindu kiliko kweli.

Nikapanda pikipiki nikaenda kumwambia muuguzi mwenyewe, asije akayasikia barabarani. Alinipokea kwa vigelegele. Kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshachota maji ya robine katika kikombe cha bati, akapiga funda lake, akaninyooshea.

Nilikipokea. Nikakitazama. Kichwani mwangu zilikuwemo herufi zile zote zilizo sawasawa. Nikakiweka mezani.

“Unywe, mwanangu. Nilisha kuonja.”

“Mama, sina kiu.”

Nimetoka Uvira kwenye vumbi na jua la mchana, midomo imenikauka kama ganda la muhogo, halafu nasema sina kiu. Uso wake ulikunjamana. Nilijaribu kueleza habari ya jenomu na bomba, lakini hakuwa ananisikiliza tena. Kwake nilikuwa nimesema jambo moja tu, lile ambalo kwetu linasemwa kwa kukataa kikombe kilichoonjwa. Alinisindikiza mpaka mlangoni tu, na mtu aliyekulea asipokusindikiza mpaka barabarani, umeelewa.

Nilirudi nimekasirika: na Dokta, na friji, na mimi mwenyewe. Nikikasirika huwa nasafisha. Kwa kuwa maabara ilikuwa safi tayari, nikaamua kuchambua takataka za kompyuta. Maana kila tunaposoma, kuna herufi za vijidudu vingine vinavyojipenyeza, na kanuni yetu ilikuwa: ondoa uchafu, hesabu kinachobaki. Hakuna aliyewahi kuutazama uchafu wenyewe. Niliutazama. Katika vikombe vyote vile vya Kiringye mlikuwa na kijidudu kingine kilekile cha matumboni, kwa kiasi kilekile, kana kwamba kimepimwa kwa kijiko. Watu wengi wanaweza kushona mashati ya kitambaa kimoja. Lakini wote wawe na kiraka kilekile kwenye bega lilelile? Kama tungetenga kijidudu vizuri, uchafu ule tusingeuona kamwe. Haraka yetu ndiyo iliyotuumbua.

Kabla sijajua la kufanya, mlango ukafunguliwa na muuguzi akaingia, na fungu la sombe, majani ya muhogo, mkononi. Kwetu ugomvi wa kikombe haulazwi. Dokta alimpa kiti, akakataa kukaa.

“Minye nilikuja juu ya ile maji,” alisema. “Mutoto nilimutibia na mikono yangu, leo anakataa kunywa kwangu. Minye niko mulozi?”

“Apana, mama,” nikasema. “Lakini uniambie kwanza. Bile bikombe ulitutumiaka, kila moja iko ya muntu wake?”

“Kila moja iko na jina ya muntu wake.”

“Jina, ndiyo. Na mavi?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka mashariki.

“Aa, mavi ilikuwa ya ule fundi wa nguo. Yeye alikuwa nayo mingi sana. Benzake balianza kunywa dawa ku nyumba, balinifikia tumbo ilisha kukauka. Sasa bakose sabuni, na benyewe bote baligonjwa? Nikabagawia. Mwenye iko nayo anagawia mwenye hana. Si njo mapadri banatufundisha?”

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nafikiri ni Dokta. Alicheka mpaka akashika meza, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu katika nchi yote hii, na pengine dunia nzima, ni bibi wa Kiringye tu angeweza kugawa kuhara kwa haki, kama nyama ya Krismasi, ili jirani asitoke mikono mitupu. Hakuiba kitu. Bonge la sabuni hata moja halikuingia nyumbani kwake. Tulimwambia kwamba sabuni ni ya vikombe, naye akahakikisha vikombe vipo.

Kisha kicheko kikaisha, na wote wawili tukaitazama pembe ya friji.

“Na robine?” muuguzi akauliza.

“Banaifunga wiki hii, mama,” nikasema. “Juu ya bile bikombe.”

“Banafunga maji ya batu bote juu ya mavi ya muntu moja?” Sombe lilimponyoka. “Weye unajua Ruzizi. Weye unaijua.”

Nilimtazama Dokta. Washirika walikuwa wameshashangilia. Jenomu za Kiringye ndizo zilizokuwa zimetuweka mbele ya maabara zote, na hakuna mtu ng’ambo ambaye angefukua uchafu wetu autazame. Angeweza kumshukuru bibi, kumpa soda, na kungoja friji. Sikuwa na hakika atafanya nini, na kule kutokuwa na hakika kuliniuma, maana nilishasema nampenda.

Alichukua simu palepale, mbele ya muuguzi, hakwenda hata nje. Aliwaambia washirika kwa Kifaransa kwamba jenomu zote za Kiringye zifutwe, isipokuwa ya fundi wa nguo, na kwamba kosa ni la kanuni ya sabuni aliyoiweka yeye, si la muuguzi. Kisha akawapigia wakubwa wa afya. Hao walikuwa wagumu zaidi. Walikubali kungoja tu, kwa sharti kwamba tuyapime maji yenyewe. Alipomaliza aliinama kwa shida, akaokota kile kitambaa cha pa friji, akakikung’uta na kufungia sombe la bibi. “Asante ya mboga, mama,” akasema.

Kufuta jenomu si kusafisha maji, na hilo nilimkumbusha. Kwa hiyo tuliyapima maji ya robine, tena na tena, asubuhi na jioni, na safari hii hakuna aliyenikimbiza. Hakuna kilichoota. Robine haikufungwa. Fundi wa nguo tulikuja kumuuliza, akasema siku zile za kuugua alikuwa amelala shambani na kunywa maji ya mfereji wa mpunga.

Friji ilikwenda kwenye maabara nyingine. Kanuni ya sabuni ilibadilika: kila anayeugua anapata, awe na kikombe au asiwe nacho. Na hapa ndani tumeanza jambo ambalo Dokta analiita kuonja. Anayetaka jenomu yake itumwe, anakaa mbele ya mwenzake na kumwonesha uchafu kwanza. Inachosha sana. Ninaipenda.

Siku niliyopeleka majibu Kiringye, muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani. Kisha akachukua kikombe kilekile cha bati, akaenda robine, akarudi kimejaa. Alikiinua aonje. Nikamshika mkono.

“Apana, mama. Leo minye njo naonja.”

Alinikazia macho. Neno kwamba maji yale ni mazima lilikuwa langu sasa, na alilielewa hilo upesi kuliko wakubwa wote wa afya. Aliniachia kikombe. Nikapiga funda, tena siyo dogo, maji baridi yenye harufu kidogo ya bomba, nikamnyooshea.

“Tungoje kwanza tuone kama unakufa,” akasema.

Lakini hakungoja. Alinipokonya kikombe, akanywa yote yaliyobaki, na nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani.