Sura ya Baba Mukubwa kwenye Tablo ya Moto

Mimi njo nilimutaja Baba mukubwa. Miaka yote familia inasema ni jirani mwenye wivu, na mimi nakula sombe pamoja nabo. Leo nasema, ju roho imechoka.

Wakati wa vita nilikuwa na kibanda hapa Butembo, nachora tablo. Batu balipenda zile za wakati wa Babeleji, bazungu baliotutawala: mutu amelala chini, anapigwa fimbo. Nikataka kuchora habari ya mulima wetu, kule njia ya Lubero. Kaka ya baba yangu, Baba mukubwa, njo alinipa yote.

Alinielezea vile bazee balikuwa banachoma majani mwanzo wa kiangazi, asubuhi umande ukiwa bado. Banachoma mushipi mwembamba tu kuzunguka mashamba, na batu bamesimama na matawi mabichi. Agronomu wa Babeleji, bwana shamba wabo, akakataza. Babu yetu alichoma hata hivyo, akapigwa fimbo mbele ya batoto yake. Majani yakalundikana miaka na miaka, mpaka siku moja moto mukubwa ukala mulima muzima pamoja na nyumba. Babeleji balipoenda, Baba mukubwa akarudisha kazi ya babu.

Nilichora tablo tatu. Ya fimbo, ya moto mukubwa, na ya tatu Baba mukubwa mwenyewe, ameshika mwenge wa matete.

Alipoiona alikunja uso. "Hapana weka sura yangu. Chora mutu yeyote."

"Lakini Baba mukubwa, ni heshima."

"Toa sura, mutoto yangu. Wakati huu si wa kujulikana."

Nilimwambia nitatoa. Sikutoa. Ilikuwa sura nzuri kupita zote nilizochora, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nikaitundika mulangoni, kila mupita njia aione.

Kiangazi kile, askari baliokuwa na kambi kule juu balipika katikati ya majani makavu. Hema zikaungua, na risasi zabo. Batu ba mulima baliona moshi ukianzia kwenye jiko la askari, lakini komanda alitaka raia wa kulaumu. Mimi, huku mujini, nilikuwa sijasikia kitu.

Askari mumoja akasimama mulangoni kwangu, anaangalia. "Huyu muzee iko kweli?"

Nikafikiri anataka kununua. Mungu wangu! Nikamupa jina, kijiji, hata nyumba ni ya ngapi toka kisimani. "Huyu njo bwana wa moto kule kwetu," nilisema, na nikacheka.

"Malamu, muzuri," akasema kwa Lingala, akaenda.

Kesho yake askari balimuchukua Baba mukubwa. Mpaka leo hatujaona hata kaburi. Siku niliposikia, nilichoma ile tablo nyuma ya kibanda, ju ya woga.

Hakuna mutu tena alithubutu kuwasha moto wa umande kule. Kiangazi cha pili moto ulipanda toka bondeni, ukamaliza maharagi na nyumba ya Baba mukubwa. Mama mukubwa, muke yake, akahamia Beni na batoto.

Njo akanituma nimuchoree bwana yake. "Hatuna foto hata moja," aliniambia. "Wewe unajua sura yake vizuri."

Nilichora. Sura ilitoka bila hata kuitafuta, kama vile ilikuwa inaningoja. Nikienda Beni ananikalisha mbele ya ile tablo, ananishukuru, ananiita mutoto muzuri. Ile sura inaniangalia nikila. Nikiosha brosi ya kuchorea nasikia sauti ya Baba mukubwa: toa sura, mutoto yangu.

Ninyi munaochora, na ninyi munaopiga foto, mutu akikuambia hapana, muache. Na mugeni akiuliza jina la mutu wako, muulize kwanza anamutafutia nini. Mimi nilifurahi tu kusifiwa, nikasema yote.

Mama mukubwa sasa macho yamefifia. Juzi ameomba nimuchoree ingine, kubwa zaidi, ili amuone vizuri. Nimekubali.