Gurudumu Juu ya Lifti

Nilipokuwa mtoto nilimwonea wivu bibi kizee ambaye miguu yake haikuweza kupanda ngazi. Hakuwa bibi yangu. Alikuwa mama wa tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye duka karibu na stesheni ya Voi, na baba yangu ndiye aliyemtumikia.

Miaka ile ya hamsini nyumba ya tajiri ilizipita zote mjini kwa urefu: duka chini, ghala katikati, na juu kabisa makao ya familia. Tajiri alimjengea mama yake lifti, sanduku la mbao lenye mlango wa vyuma vya kukunja, lililovutwa kwa umeme wa injini ya dizeli iliyokuwa uani. Injini hiyohiyo ndiyo iliyoendesha mashine ya kusaga mahindi, na mlio wake ulisikika hadi shuleni kwetu. Lakini injini ni injini. Je, ikizima Bibi akiwa kati ya ghorofa na ghorofa? Kwa hiyo chini ya paa kulikuwa na gurudumu la mkono, na tajiri alikuwa na kanuni zake. Bibi hapandi wala hashuki mpaka mtu wa gurudumu awe mahali pake. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Mtu wa gurudumu alegeze breki, azungushe polepole, na aite huku akizungusha. Aliye ndani aitike. Asipoitikiwa, asimamishe gurudumu.

Mtu wa gurudumu alikuwa baba.

Mama alibaki kwetu mlimani Sagalla akilima, nasi wawili tulikaa chumba kimoja mjini kwa ajili ya masomo yangu. Baba ndiye niliyekuwa naye peke yake, na hata huyo sikuwa naye mzima. Tukila, tonge lilisimama njiani kuelekea kinywani, sikio limegeukia upande wa duka.

"Baba, nilikuwa nasema..."

"Ngoja kwanza." Akasikiliza. "Haya, injini iko sawa. Ulisema nini?"

"Hakuna."

Shuleni walinicheka. "Baba yako anateka bibi kama maji ya kisima!" Hilo nililivumilia. Lililonichoma ni neno ambalo Bibi alimwitia baba kila siku, *dikra*. Nilidhani ni jina la kazi, mpaka mjukuu wake aliponiambia kuwa kwao maana yake ni mwanangu. Baba alikuwa na mama yake mzazi, kule mlimani, aliyepanda vilima kwa magoti yake mwenyewe na kumwona mwanawe mara chache kwa mwaka. Tangu siku hiyo kila nilipopita dukani na kumwona Bibi kwenye kiti chake, miguu imevimba juu ya gunia la sukari, nilitamani lifti ile imkatae.

Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu alinichagua nisimulie hadithi mbele ya wazazi, hadithi niliyoitunga mwenyewe, ya tembo aliyekataa kuvuka reli. Nilimwomba baba aje. Alipoomba ruhusa nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Nani atashika gurudumu?" tajiri akauliza. "Mpwa wangu? Juzi aliliachia, mama akapiga kelele mpaka stesheni."

Bibi akainua mkono. "Wewe nenda, dikra. Toto iko soma. Mimi iko hapa chini, mimi napanda hapana. Mpaka wewe rudi."

Ningepaswa kumshukuru. Badala yake nilichukia kwamba baba yangu nilipewa na yeye.

Siku ilipofika baba alikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha, shati limepigwa pasi lakini bado likinukia dizeli. Nilianza. Watu walicheka pale tembo alipomwuliza mkuu wa stesheni ni nani aliyelaza nyoka wa chuma njiani pake. Baba alicheka. Niliona meno yake! Tembo wangu akafika relini, akainua mguu mmoja, na hapo kule mjini mlio wa injini ukakoma.

Hakuna mtu mwingine aliyejali. Baba aligeuza shingo. Akanitazama mimi, akatazama dirisha, akanitazama tena. Nilinyamaza, mguu wa tembo ukiwa hewani. Nilikuwa namwomba kwa macho: Bibi alikuahidi, alisema hapandi. Baba akainuka, akatoka akiinama kama mtu anayepita mbele ya madhabahu, na kupitia dirishani nilimwona akikimbia.

Mwisho wa hadithi niliusema kwa benchi lenye nafasi tupu. Nasikia nilipigiwa makofi.

Nilikwenda dukani moja kwa moja. Bibi alikuwa kwenye kiti chake chini, palepale alipoahidi, na baba amesimama mbele yake akitweta.

"Wewe iko mjinga!" Bibi alimfokea. "Mimi sema napanda hapana! Dizeli kwisha tu! Toto yako iko wapi?"

"Nilisikia imezima, Bibi. Miguu ilikwenda yenyewe."

Kisha akaniona mlangoni. Akajifuta jasho kwa mkono wa lile shati lililopigwa pasi. Nikageuza uso.

Bibi alitutazama sote wawili. "Mimi nachoka," akasema. "Mimi nataka juu. Dikra, nenda shika gurudumu. Wewe, toto, ingia hapa."

Baba akapanda ngazi. Niliingia kwa hasira, mlango wa vyuma ukafungwa, tukawa katika giza hafifu, mimi na mwanamke yule, harufu ya karafuu na mafuta ya nazi. Kamba ililia juu yetu. Tukaanza kupanda, taratibu mno.

"Bibi!" sauti ya baba ilishuka kutoka darini.

Nilisubiri amjibu. Hakujibu. Niligeuka, nikaona kidole chake kimesimama juu ya midomo.

"Bibi!"

Kimya. Gurudumu likasimama, kama kanuni ilivyotaka. Tulining'inia kati ya duka na ghala. Nilisikia baba akihema huko juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijua kwamba sikio lake lote lilikuwa linasubiri sauti mahali nilipokuwa mimi.

Kisha akaita, polepole, "Mwanangu?"

"Nipo," nikasema.

Gurudumu likazunguka. "Tembo alifanyaje?" akauliza.

Nilipaza sauti, nikaisimulia hadithi kuelekea juu, kwake tu. Tulipofika ghorofa ya mwisho lifti ilisimama, na baba hakuja kufungua mlango mpaka tembo alipomaliza. Bibi alikuwa ameweka mkono wake juu ya wangu. Sikuuondoa. Wala sikuushika.