Chapa ya Ngamia kwenye Tangi

Kila mahali alipochomelea chuma, marehemu Ebenyo aligonga chapa ya ngamia wa ukoo wao, kama Mturkana anavyomtia alama mnyama wake. Ndiyo maana tangi la maji la Kakuma lilipofanya ufa ubavuni mwa chapa ile, hakuna aliyeuliza fundi alikuwa nani.

"Mwalimu, ngamia wenu anavuja!" wanawake walimtania mjane wake, Mwalimu Akeno, kwenye foleni ya lori la maji.

Akeno alisogeza mtungi wake mbele. Siku mashine ya eksirei ya kukagulia chuma ilipoletwa kutoka Lodwar, alivaa gauni lake la kanisani akaenda kusimama penye tangi. Mpimaji, Makuei, aliwasogeza watu wote mbali na mionzi, akapiga picha, kisha akamwita.

"Tazama, mama. Alipochomelea mzee pako sawa. Ufa umeanzia hapa, ndani ya bamba lenyewe."

"Umeingiaje humo?"

"Kiputo cha hewa kilibaki ndani chuma kilipokuwa cha moto kiwandani. Viko viwanda vinavyokipiga chuma picha kingali chekundu. Hiki hakikupigwa."

Wanawake wale wale wakapiga vigelegele. Akeno aliingoja furaha kama mtu angojavyo mguu uliokufa ganzi uamke. Haikuja.

"Sema kwa sauti," alimwambia Makuei. "Hata wa nyuma wasikie."

Makuei akarudia. Akeno akashukuru, akaenda nyumbani kuvua gauni na kuchukua mtungi. Lori la maji lilikuwa linakaribia.