Benchi la Kupoa

Siku hizi asubuhi katika bweni la wasichana huanza kwa milio ya simu, kila chumba na mlio wake. Zamani ilianza kwa sauti moja. Ilitoka chini mlangoni, ikapanda ngazi kama mtu aliyevaa viatu vizito, ikagonga kila mlango huku mwenyewe hajanyanyuka kitini: "Wanangu! Jua limeshakunywa chai, nyie bado mmelala?" Waliokuwa ghorofa ya juu kabisa walijiziba masikio kwa mito, na bado waliisikia. Ndiyo maana wakamwita matroni wao Spika. Mwenyewe alilijua jina hilo na alilipenda, ingawa mbele yake walimwita Mama.

Anayekaa pale mlangoni sasa ni mwanamke mpole, mzungumzaji wa chini chini. Wanafunzi wapya hawajui kwamba kuna kitu kimepungua. Wafagiaji wa zamani ndio wanaojua. Wakifika chini ya ngazi, ndoo mkononi, hukawia kidogo kama watu wanaosubiri kukemewa, kisha huendelea na kazi.

Spika aliingia chuoni akiwa mjane kijana na akazeekea kwenye chumba kidogo kilicho nyuma ya meza ya mapokezi. Wanawe wa kuzaa walikulia humo, wakaondoka. Wa kulea walikuja na kuondoka kila mwaka, na kila mwaka alilia siku ya mahafali kama msiba umemfika. Rafiki yake pale alikuwa mmoja tu, mpishi mkuu, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu ambaye wanafunzi walimwita Bibi Upawa. Kila asubuhi, baada ya kuamsha watu, Spika alivuka ua kwenda mlango wa nyuma wa jiko. Hapo walikaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, wakanywa chai na kuwasema walimu.

Korona ilipokuja, chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa. Wanafunzi walibeba mabegi, Bibi Upawa akaenda nyumbani kwake, na Spika akabaki kulinda vitanda vitupu. Alizoea kusikia maji ya tangi yakijaa. Wakati mwingine alipanda ngazi akasimama katikati ya ukumbi wa ghorofa ya pili na kuita, asikie tu jengo likimjibu.

Kwa hiyo habari za kufungua zilipofika, alifurahi kuliko mtu yeyote pale chuoni. Kazi ilikuwa kubwa. Vitanda vya juu vilifunguliwa nati na kurundikwa ukumbini, ili chumba cha wanne kibaki na wawili. Madirisha yaliyokuwa yamegoma kwa rangi ya miaka yalibanduliwa kwa bisibisi. Sakafuni yalichorwa maduara ya rangi nyeupe, mahali pa kusimama. Dirisha la jikoni liliwekewa nailoni, na chini yake uwazi wa kupitisha sahani. Mkuu wa chuo aliwakusanya wafanyakazi uwanjani, kila mtu ndani ya duara lake, akawaambia neno ambalo Spika alilibeba kifuani: wiki ya kwanza ikipita salama, tutaendelea, akionekana mgonjwa hata mmoja wiki hiyo, tunafunga tena.

Na kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso, kile kinachofanana na bastola, alipewa yeye. Anawajua wanafunzi kwa sura, walisema, na sauti yake itapanga foleni bila kipaza sauti.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Bibi Upawa. Alimkuta uani akimenya viazi.

"Siji," Bibi Upawa alisema kabla salamu hazijaisha. "Binti yangu amenikataza. Sukari ninayo, presha ninayo. Hiyo korona ikifika kwangu itabidi ipange foleni."

"Foleni naisimamia mimi, dada."

"Wewe unasimamia nini zaidi ya makelele?"

"Mlango wote nimepewa mimi. Mwenye homa hapiti. Wewe utakaa jikoni kwako, kuna nailoni, sahani unaisukuma tu. Nani atakufikia?"

Bibi Upawa aliendelea kumenya. "Jikoni wameweka nani?"

"Vijana wa mkataba. Jana wamenipa wali, ningeupiga teke ungevunja kioo."

Mpishi alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, halafu akatulia. "Sikiliza, mdogo wangu. Nikija, nakuja kwa ajili yako. Huyo mkuu wenu hanijui hata jina."

"Njoo kwa ajili yangu."

Baadaye Spika alikuja kuyapekua maneno hayo mara nyingi. Alikuwa amejiambia kwamba anawatafutia wanafunzi chakula kizuri. Kwa kweli alitaka mtu wa kunywa naye chai.

Siku ya kwanza kipima joto kilimwaibisha. Magari yalizuiwa geti la chini, kwa hiyo wanafunzi walipanda kilima kwa miguu, juani, na magodoro kichwani. Walipofika mlangoni kila paji la uso lilikuwa jiko. Mashine ilipiga kelele na kuwaka nyekundu, mtu baada ya mtu. "Mama, usinipige risasi, sijafanya kitu!" walimtania wakiinua mikono. Muuguzi wa zahanati ya chuo aliitwa, akatazama, akaamua jambo la busara: wakae kwanza kivulini, wapumzike, wapimwe tena. Likaletwa benchi likawekwa chini ya paa la mlango. Muuguzi akarudi upande wa pili wa chuo, kwenye nyumba ya wageni, alikokuwa anaandaa vyumba vya wale watakaotengwa.

Lililofuata lilikuwa wazo la Spika mwenyewe. Aliwatazama wale watoto wakihema, akaona vibaya. Akaenda chumbani kwake akatoa taulo ndogo ndogo, akazichemsha kwa sabuni, akazikunja, akaweka ndoo ya maji baridi pembeni ya benchi. Kila mmoja taulo yake, ikishatumika inakwenda kwenye beseni la kuchemshwa. Alijivunia usafi ule. Wanafunzi walijifunika uso kwa kitambaa cha baridi, wakasema ahsante Mama, wakasimama kupimwa, na mashine ikawaka kijani. Kijani, kijani, kijani. Foleni ikatembea. Mkuu wa chuo alipita akamwinulia kidole gumba. Hakuna aliyewaza kwamba uso uliotoka kwenye maji hauwezi kusema joto la mwili wake, na yeye mwenye mashine mkononi hakuwaza hivyo pia.

Mwishoni mwa wiki ile ya kwanza alifika msichana wa mwaka wa tatu waliyemwita Twiga kwa urefu wake. Huyu alikuwa kipenzi cha jikoni na cha mlangoni. Kwa kawaida ungemsikia akibishana na mtu tangu geti la chini. Siku hiyo alikuja kimya. Mashine ikawaka nyekundu, akaketi bila utani, akajifunika taulo muda mrefu, kichwa kimeinama. Spika alipoipokea ile taulo, ilikuwa ya moto.

"Twiga, unaumwa?"

"Jua tu, Mama. Na hili begi."

"Kifua je?"

"Jua, Mama."

"Mama, tunaungua huku nyuma!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni.

Spika alisimama na taulo mkononi. Nyumba ya wageni ilikuwa upande wa pili wa chuo, ila muuguzi angekuja kwa kuitwa. Lakini aliona pia mabegi yakishuka kilima, mlango wa jiko ukifungwa, Twiga akikosa mtihani wake wa mwisho kwa mara ya pili. Alijua anachokihisi kwenye vidole. Aliinua mashine, akaielekeza kwenye lile paji lenye maji. Kijani.

"Haya, pita mwanangu."

Kesho yake Twiga hakushuka kula. Mchana, Bibi Upawa alitokea mlangoni mwa bweni akiwa na bakuli la supu lililofunikwa kwa sahani, anapumua kwa shida baada ya kuvuka ua.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kwa mjukuu wangu mrefu. Mtu akikataa chakula changu, ama tumegombana ama anaumwa. Na hatujagombana."

Mwanamke aliyeweza kusimamisha ghorofa tatu kwa neno moja alitafuta neno. Akisema usipande, itabidi aseme kwa nini. Akisema kwa nini, itabidi aeleze jana.

"Vaa barakoa yako vizuri," alisema.

"Ndiyo, bosi." Bibi Upawa akaipandisha juu ya pua, akashika ukuta, akapanda taratibu, akipumzika kila ngazi zinapokata kona. Alikaa huko muda mrefu. Spika alisikia kicheko chake kikishuka, na akajilazimisha kuamini kwamba panapochekwa hivyo hapana ugonjwa.

Twiga mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa muuguzi baadaye, kusema kwamba supu haikuwa na harufu wala ladha. Akapimwa, akatengwa, akakohoa siku chache, akapona. Bibi Upawa alianza kukohoa akiwa jikoni. Alipelekwa hospitali, na huko hakuruhusiwa mtu kuingia. Spika alimpigia simu.

"Dada! Dada, unanisikia?"

"We Spika," ilijibu sauti nyembamba, ikitafuta pumzi katikati ya maneno, "punguza sauti. Unaamsha wagonjwa."

Hawakuzungumza tena. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, kila mmoja mbali na mwenzake. Spika alisimama nje ya uzio, kwa kuwa idadi ilikuwa imetimia.

Na chuo hakikufungwa. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko yote. Ghorofa moja ilinyunyiziwa dawa, waliokaa karibu na Twiga walitengwa, masomo yakaendelea. Wiki ya kwanza ilipita na mgonjwa ndani yake, na lile tishio la mkuu wa chuo likayeyuka kama halikuwahi kusemwa. Mkutanoni mkuu alisema kazi ya kufungua imekwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Kisha wakasimama kimya kwa ajili ya mpishi, na safari hii alitajwa jina lake kamili.

Twiga alikuja mezani kwa Spika siku aliyotoka nyumba ya wageni. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Mama, naomba uniambie ukweli. Ni mimi?"

"Ulipita na kijani. Mimi ndiye niliyekupima."

"Lakini wewe unafikiri..."

"Kijani ni kijani. Nenda kasome."

Msichana alilia, na Spika akaona mabega yake yakishuka kwa nafuu. Hakujutia uongo ule. Ila alijua tangu saa ile kwamba mzigo umebaki na mbebaji mmoja.

Alimwendea muuguzi akamweleza habari za taulo. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Niliona una kazi nyingi."

Taulo ziliondolewa siku ile ile. Wanafunzi waliokuwa bado wanaripoti walikaa kivulini muda mrefu zaidi, foleni ikarefuka hadi karibu na geti, wengine wakanung'unika. Hakuna aliyedhurika kwa kusubiri. Watu walimwambia Spika kwamba ugonjwa ungeweza kumpata mpishi popote, kwa mleta mboga, kwenye basi, sokoni. Muuguzi alisema hivyo pia. Spika alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu.

Mwisho alikwenda kwa binti wa Bibi Upawa. Walikaa kwenye ule ule ua.

"Mama yako alikuwa haji kazini," Spika alisema. "Mimi ndiye niliyekuja kumchukua. Nilimwahidi mwenye homa hatapita. Akapita, na mimi nimeshika taulo yake ikiwa ya moto. Halafu nikamwacha mama yako apande ngazi."

Yule binti aliitikia kwa kichwa. "Najua ulikuja kumchukua. Siku ile aliimba mpaka jioni. Tangu chuo kifungwe alikuwa haimbi." Akavuta pumzi. "Sijui nikushukuru au nikufukuze, mama mdogo. Leo naomba uende tu."

Spika aliondoka. Muhula ulipokuwa unaendelea, wasichana waligundua kwamba wanaamshwa kwa mkono. Alipanda ngazi mwenyewe, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine kwa kifundo cha kidole, akasubiri ajibiwe, akaendelea. Wengine walichelewa vipindi na hawakuthubutu kulalamika. Siku ya mahafali Twiga alimkumbatia akiwa na joho, na Spika alimshika kwa nguvu, macho makavu. Baada ya hapo aliandika barua ya kuacha kazi. Mkuu wa chuo alimwomba afikirie tena. Alijibu kwamba ameshafikiria.

Anaishi kwa kaka yake mkubwa, katika mji mwingine, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Anauza rangi, misumari na kufuli kuanzia asubuhi hadi jioni, na Jumapili duka halifunguliwi.