Bukari ya Jirani

Mama alifariki Jumapili. Leo nimefungua ndoo yake ya unga, katika fleti yetu ya South Beach, huku ugenini, na harufu ya muhogo uliochachuka imenirudisha utotoni, kwenye mji wa migodi.

Wakati ule vijana wa chama cha siasa walipita mitaani wakiimba kwamba jimbo ni la wenyeji, na watu wa kabila la baba warudi kwao. Nyumba zetu walizitambua kwa sufuria. Ugali, tuliouita bukari, wenyeji waliusonga kwa mahindi matupu, sisi tulichanganya na muhogo.

Mchana mmoja tulisikia filimbi zao karibu. Baba aliingia chini ya kitanda. Jirani yetu, mama mwenyeji, alikuja mbio na sufuria ya bukari yake ya moto, akaondoka na yetu chini ya kitenge.

Vijana waliingia. Mmoja alifunua sufuria, akamega tonge, akatafuna polepole. Mkono wa mama, wenye unga bado, ulinishika shingo.

"Mama, bwana yako iko wapi?"

"Iko kazini. Kula basi, mboga iko."

Yule kijana alicheka. "Huyu iko mtu wetu."

Wakaenda nyumba ya pili, na tukasikia mlango ukivunjwa.

Jirani alirudi jioni, hakukaa.

"Dada, kesho musikuwe hapa. Hata bwana yangu iko anaimba nao."

Mama aliosha sufuria ya jirani, akamrudishia, kisha akaanza kufunga nguo zetu.